Nyuki wa Wodi ya Nne

Kengele ikilia hatukimbii.
Anayekimbia hutanguliza hofu yake kama sinia,
na mgonjwa huipokea, akaijumlisha na yake.
Basi tunatembea, mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo tu:
mimi, Bogdan wa mabega,
na Neja, mwezi wake wa kwanza, aliyesahau kalamu mfukoni.
"Itoe," namwambia. Anaitupa kwenye ndoo ya kudekia.

Maribor, saa tisa usiku, Januari.
Theluji imeyafunika madirisha hadi kiunoni.
Alojz amejibanza katika chumba cha mashuka,
miaka sabini, miguu mitupu,
kipande cha sahani amekishika vile mtu hushika wembe wa kunyolea.
Sikio ametega ukutani.
Nyuki, anasema. Wamo humu.

Daktari wa zamu amekwisha kumwambia hakuna nyuki.
Muuguzi amemwambia hakuna nyuki.
Na ukuta, wenye mabomba ya joto ya enzi za babu zetu,
unavuma, jamani. Unavuma kweli.

Juma lililopita tulimshika Tjaša.
Dakika kumi na moja, watu watano,
binti wa kilo arobaini na saba.
Tulifuata kila hatua ya mwongozo:
huyu kichwa, huyu magoti, huyu wa kuzungumza.
Mimi ndiye niliyekuwa wa kuzungumza.
Nilisema uko salama, uko salama,
huku nikiona anavyonisikia.
Alama ya kucha zake ingali kwenye kifundo cha mkono wangu.
Sijaitia dawa. Sijui kwa nini.

Kwa hiyo leo nakaa chini,
mgongo kwenye fremu ya mlango, mikono ionekane.
Namwashiria Bogdan arudi nyuma hatua tatu; anarudi mbili.
Dakika ishirini hatusemi kitu.
Mguu wangu unakufa ganzi.

"Hawajaambiwa," anasema mwishowe.
"Nani?"
"Nyuki. Mwenye mzinga akifa sharti waambiwe,
la sivyo watahama, au watakufa mmoja mmoja.
Marjeta wangu amekufa, na hakuna aliyebisha."

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali.
Hawakusema ufanyeje nyuki wakikufikisha hapa.
Mwongozo unasema usikane, usikubali.
Nikamwambia, "Mimi nasikia bomba, Alojz.
Lakini mdomo ninao."
Nikabisha ukutani mara tatu, kwa kidole kilichokunjwa.
"Marjeta amefariki," niliuambia ukuta,
na sauti yangu, bila kuniomba ruhusa, ikakwama kwenye jina.
Nyuma yangu Neja aliacha kupumua.

Kipande cha sahani kilikuja kikiteleza sakafuni,
kikagusa kiatu changu.

Msidhani yakaishia hapo. Sindano aliikataa,
akamtemea Bogdan mate, akalia hadi alfajiri
akidai soksi ambazo hakuna aliyeziona.
Kwenye fomu niliandika: hakushikwa.
Nikalisoma neno hilo mara mbili, kama hati ya mshahara.

Jumapili, saa za kutazama wagonjwa,
mwanamke mwenye viatu vilivyolowa alisimama kaunta
na chupa ya asali.
Kioo hakiruhusiwi, nikamweleza.
Tukaimimina kwenye kikombe cha plastiki, polepole,
sote wawili tukiutazama ule uzi mzito.
"Jina la mgeni?"
"Marjeta."

Kalamu ikasimama.
Nikamsimulia yote, masikio yakiniwaka moto.
Alilamba kidole.
"Huyo ameshanizika mara nne," alisema.
"Na mizinga tuliiuza mwaka juzi."
Kisha akanitazama kama fundi atazamavyo kazi ya mwanagenzi:
"Ulibisha mara ngapi?"
"Tatu."
"Sawa," akasema, akachukua kikombe chake. "Ndivyo."